Uzi wa juu na uzi wa chini: miaka 15 na kifafa changu

Nguo zilijua kabla yangu. Nilikuwa na miaka 19, nashona kwa fundi mmoja Tandika, na siku hiyo nilikuwa na sketi ya kitenge ya mteja wa Mtoni. Mshono wa ubavuni tu, ule ambao fundi yeyote anaupitisha huku anapiga soga. Nilipofika chini nikakata uzi, nikageuza sketi, nikaona katikati ya mshono kipande cha kama inchi nne kimetoka nje ya mstari. Kimepinda, kimeingia kwenye ua la kitenge, kimezunguka, halafu kimerudi njiani kana kwamba hakuna kilichotokea. Sikukumbuka kukishona. Mguu ulikuwa umeendelea kukanyaga, mikono imeendelea kusukuma kitambaa, mwenyewe sikuwepo.

Nilifumua, nikashona upya, nikasingizia usingizi. Wiki mbili baadaye ikatokea tena kwenye mkono wa shati la shule. Bosi wangu akasema nina mawazo ya wanaume. Miezi mitatu baadaye nikaanguka kituo cha Mbagala Rangi Tatu, asubuhi watu wakigombania daladala, na hapo ndipo wengine wote nao wakajua.

Tangu nianze kusema wazi kwamba nina kifafa, sikosi mtu wa kuniuliza. Wengi ni mama wa watoto walioanzishiwa dawa, na vijana wanaotaka kuziacha. Mimi ni fundi cherehani, si daktari, kwa hiyo usije ukabadilisha dozi kwa sababu umesoma hapa. Ila kuna jambo moja nimelilipia kwa meno na kwa fedha. Kidonge cha kifafa hakimezwi kama Panadol, kwamba leo naumwa, kesho sijambo. Kazi yake ni kushikilia kiwango fulani cha dawa kwenye damu, usiku na mchana. Karibu kila mara niliyoanguka, ukichunguza utakuta kiwango kilishuka, au kuna kitu kiliingia kikavuruga kazi yake.

Nieleze kwa lugha ya cherehani, maana ndivyo nilivyoelewa mimi.

Cherehani ina uzi wa juu na uzi wa chini. Wa juu unatoka kwenye roli, unapita kwenye skrubu ya kukazia, unashuka na sindano. Wa chini unatoka kwenye bobini. Mshono mzuri ni nyuzi hizo mbili kukutana katikati ya kitambaa, hakuna anayemvuta mwenzake. Ukikaza wa juu kupita kiasi unamvuta wa chini hadi anatokeza juu. Ukiulegeza, geuza nguo uone: vifundo vitupu, kama kiota cha ndege.

Kwenye ubongo seli za neva zinaongea kwa umeme na kwa kemikali. Umeme wake hautoki TANESCO. Unatokana na chumvi zinazopita kwenye milango midogo ya seli. Sodiamu ikiingia kwa kasi, seli inawaka. Ikishawaka inamwaga kemikali kwenye mwanya mwembamba ulio kati yake na jirani. Kemikali moja, ambayo kwangu ndiyo uzi wa juu, inaitwa glutamati, na hiyo inamwambia jirani naye awake. Nyingine, uzi wa chini, inaitwa GABA, na hiyo inamwambia atulie: inafungua mlango wa kloraidi, na seli inakuwa nzito kuwaka. Kilichonishangaza ni kwamba GABA inatengenezwa kutokana na glutamati ileile, kwa msaada wa vitamini B6. Ni uzi uleule, umepita njia nyingine.

Kifafa kinaposhika, seli nyingi zinawaka kwa pamoja kwa wakati ambao hazikupaswa, na watulizaji wanazidiwa. Zikiwaka kwenye kona moja tu, mtu anapotea kidogo, kama mimi na sketi ile. Moto ukisambaa ubongo mzima, anaanguka, anakakamaa, anatupatupa mikono na miguu. Kwangu huanzia pembeni mwa ubongo, na huwa napata taarifa: tumbo linapanda ghafla kama pantoni ya Kigamboni inapobebwa na wimbi, kisha harufu ya mpira unaoungua ambayo hakuna mwingine anayeinusa. Nilipompa daktari wangu mfano huu wa nyuzi alicheka. Akasema ubongo hauko rahisi hivyo, una kemikali nyingine na milango mingine kibao, lakini kama mfano huo utanifanya nimeze dawa, yeye hana ugomvi.

Hapo nitoe dukuduku. Mwaka fulani mtu mmoja wa mtandaoni aliniuzia kopo la virutubisho limeandikwa GABA kwa herufi kubwa, shilingi 85,000, akaniambia nikimeza hiyo nitaweka vidonge vya hospitali pembeni. Ukishajua GABA ni nini, biashara hiyo inaingia akilini vizuri sana, na hapo ndipo iliponinasa. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba GABA ya kumeza inapita kwa shida mno kuingia ubongoni, kwa sababu kuta za mishipa ya damu kule zina ulinzi mkali. B6 nayo usiikimbilie. Wapo watu wachache, hasa watoto wachanga wenye hitilafu ya kuzaliwa nayo, ambao vitamini hiyo ndiyo dawa yao, na hao daktari ndiye anayewagundua. Mimi na wewe hatumo. Kopo lile nilikuja kuwekea vifungo.

Dawa zenyewe zinashika sehemu tofauti za cherehani. Fenobabitoni inaipa GABA nguvu, mlango wa kloraidi unakaa wazi muda mrefu zaidi. Kabamazepini na fenitoini zinaubana mlango wa sodiamu, seli ishindwe kuwaka mfululizo. Valproeti inafanya zaidi ya kazi moja. Levetirasetamu inashika protini iliyo kwenye vifuko vinavyobeba kemikali zenyewe. Ndiyo maana dawa iliyomfaa mtoto wa jirani inaweza isikufae wewe, na nyingine hata ikazidisha aina fulani ya kifafa. Shirika la Afya Duniani linasema watu hadi 7 kati ya 10 wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata vipimo na dawa sahihi. Hata hivyo, hakuna kati ya dawa hizi inayong'oa kifafa. Zinakizuia, basi.

Neno hilo, kuzuia, nilikuwa nalisikia kila kliniki na halikuniingia mpaka mwaka ule wa uchumba.

Nilianzishiwa fenobabitoni. Ni dawa ya zamani: mwaka 1912 daktari wa Ujerumani, Alfred Hauptmann, aliwapa wagonjwa wake kama dawa ya usingizi, akaona na kuanguka kumepungua. Ni ya bei nafuu, na hata zahanati ya mbali unaweza kuikuta. Bibi yangu ni wa Mahenge, na aliposikia naitumia alisema "hee, dawa ya yule mama daktari". Alikuwa akimsema Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norway aliyeanza kuwatibu wenye kifafa kule Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kaka yake bibi alikuwa mmoja wa waliokuwa wakila peke yao, sahani yake kando, kwa sababu ya hofu kwamba povu linaambukiza. Kule kifafa ni kingi kuliko sehemu nyingine za nchi, na watafiti wamekihusisha na usubi, ugonjwa wa minyoo inayosambazwa na inzi wadogo wa mitoni. Bibi hakuwa na habari na minyoo. Alichojua ni kwamba walioendelea na vidonge walirudi mezani.

Basi mimi nikameza, nikakaa miezi minane bila kuanguka. Dawa ilinifanya mzito, nasahau vipimo vya wateja, asubuhi kichwa kama kimelowekwa. Halafu akaja mchumba. Vidonge nilikuwa nimevificha ndani ya boksi la zipu, nikaanza kujisemea: miezi minane, nimepona, kwa nini nimwanzie mtu maisha na boksi la zipu? Nikaacha. Ghafla tu, bila kumwambia mtu.

Siku ya kwanza hakuna kitu. Ya tatu hakuna kitu, na kichwa kimekuwa chepesi. Ya saba nikamshukuru Mungu kanisani. Sikujua kwamba fenobabitoni inatoka mwilini polepole sana: inachukua kama siku nne hivi nusu yake kuondoka, nne nyingine nusu ya iliyobaki. Ile wiki niliyokuwa najisifu, nilikuwa nalindwa na vidonge vya wiki iliyopita. Na kuna jambo baya zaidi. Ubongo uliokaa na dawa muda mrefu unakuwa umeizoea, umejipanga kwa kuitegemea. Ukiinyang'anya ghafla, uzi wa juu unavuta kwa nguvu kuliko hata kabla hujaanza kutumia.

Siku ya 11 nilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Kongo, nanunua kitambaa cha bitana. Pantoni ikapanda, mpira ukaungua. Niliambiwa nilianguka, na kabla sijazinduka nikaanguka tena. Hiyo ya kuanguka mfululizo bila kuzinduka katikati ni hatari ya kuua, usiichukulie kama "leo kimemshika sana". Hospitali walinichoma dayazepamu, ambayo nayo, ukiuliza, inafanya kazi kwa kuisaidia GABA. Nililazwa siku nne. Siku ya pili mchumba alikuja wodini na chupa ya uji, akakaa, akauliza: "Kwa nini hukuniambia?" Sikuwa na jibu la maana. Ndiye mume wangu sasa, na ndiye anayepiga simu saa tatu usiku akiwa safarini kuuliza swali la neno moja: "Umemeza?"

Kwa hiyo ukiniuliza naachaje dawa, jibu langu ni kwamba huachi wewe. Daktari ndiye anayepunguza, kwa miezi, kidogo kidogo. Na ukisahau dozi moja, uliza mapema kliniki utafanyaje na dawa yako hiyo, uandike, maana jibu halifanani kwa dawa zote. Kumeza mbili ili kufidia bila kuuliza si akili. Dawa ikikuchosha au ikikuharibia kumbukumbu, sema. Mimi niliposema ndipo nikahamishiwa kabamazepini, taratibu, moja ikipanda huku nyingine inashuka. Wiki za mwanzo za kabamazepini nilielekezwa kwamba nikiona vipele au vidonda mdomoni nirudi hospitali siku hiyohiyo. Sikupata, ila wapo wanaopata, na si jambo la kusubiri kliniki ya mwezi ujao.

Sasa duka la dawa. Hapa pana mambo mengi, na sisi watu wa Dar ndipo tunapoumia, kwa sababu kila kona kuna duka na kila mmoja wetu ni nusu daktari.

Miaka sita iliyopita mkojo ulikuwa unaniuma. Nikaenda duka la dawa karibu na nyumbani, nikasema mkojo unauma, nikapewa sipro, siprofloksasini, vidonge vya siku tano. Hakuniuliza natumia dawa gani nyingine, wala sikumwambia. Nikiwa sijafika nusu ya dozi, nikapotea mara tatu kwa siku moja, na usiku nikaanguka. Vidonge vyangu vya kifafa nilikuwa nimemeza vyote, kwa saa yake. Kumbe dawa za kundi hilo la sipro zinaweza kuizuia GABA isishike mahali pake kwenye seli, hivyo mtu mwenye kifafa anasogezwa ukingoni. Si kwamba hairuhusiwi kabisa; daktari anaweza kuamua kuitumia kama hakuna njia nyingine. Lakini aamue anayejua, si mimi na muuzaji tuliokuwa tunapishana na mteja wa kondomu dirishani. Tramadoli nayo ni hivyo hivyo, na mtaani vijana wanaimeza kama karanga. Na mefloukwini ya malaria si ya mwenye kifafa.

Upande wa pili ndio watu wengi hawaujui. Kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni zinalichangamsha ini, linakuwa kama fundi anayelipwa kwa idadi ya nguo: kila dawa inayopita linaivunja harakaharaka. Ukiwa na malaria ukapewa dawa mseto, ini hilo linaweza kuiondoa kabla haijamaliza wadudu. Malaria inabaki, homa inarudi, na homa yenyewe ni kichocheo cha kifafa. Vidonge vya uzazi wa mpango vinapungua nguvu, vijiti vya mkononi navyo. Rafiki yangu ana mtoto wa miaka mitatu anayeitwa kwa utani "Kijiti". Sindano ya miezi mitatu haiathiriki namna hiyo. Dawa za ARV zenye dolutegraviri nazo zinashushwa kiwango, hivyo anayetumia vyote viwili lazima watu wa CTC, kliniki ya ARV, wajue ili wampangie vizuri. Usifiche kifafa CTC, wala usifiche ARV kliniki ya kifafa. Najua kwa nini watu wanaficha. Lakini ini halifichwi.

Na wanawake wenzangu mnaotumia valproeti, kabla ya kubeba mimba ongeeni na daktari. Kati ya watoto 100 waliokuwa tumboni wakati mama anaitumia, karibu 10 huzaliwa na kasoro za mwili, na watoto 3 hadi 4 kati ya 10 wanaweza kuchelewa kukua kiakili. Narudia: ongea na daktari, usiache ghafla. Kuanguka ukiwa mjamzito nako kunaweza kumuua mama na mtoto. Mimi nilipanga mimba yangu mwaka mzima mapema, nikaanzishiwa foliki asidi kabla hata ya kushika mimba.

Nimetengeneza kadi, kipande cha kadibodi nilichokigandisha kwa plastiki kule steshenari: jina la dawa, miligramu, mara ngapi kwa siku, na sentensi "Nina kifafa, tafadhali angalia dawa unayonipa kama inaendana na hii." Naiweka dirishani kabla sijasema ninaumwa nini. Kuna wauzaji wanaikasirikia. Wengine wanapiga simu kwa mfamasia wao kuuliza, na hao ndio ninaowarudia.

Halafu unyevu. Hili nililijua nikiwa nimeshachelewa. Vidonge vya kabamazepini vikikaa penye unyevunyevu vinaweza kupoteza hadi theluthi moja ya nguvu yake. Vinakakamaa, haviyeyuki vizuri tumboni. Sasa fikiria Dar mwezi wa nne, mvua za masika, ukuta unatoa jasho, na vidonge umehesabiwa ukatiwa kwenye bahasha ya karatasi. Mimi vya kwangu vilikuwa kwenye bahasha, juu ya kabati, karibu na dirisha la jikoni ambako mvuke wa wali unapita. Unameza kila siku kwa uaminifu na bado unaanguka, kisha daktari anaongeza dozi. Siku hizi nachukua vilivyo kwenye pakiti yake, nafungua kimoja kimoja, na pakiti inakaa kwenye kopo lenye mfuniko wa kukaza. Ndiyo, kopo lile la GABA. Vifungo nilivihamisha.

Nanunua pia zikiwa zimebaki za wiki mbili, sisubiri ziishe. Duka likisema "zimeisha, njoo Jumatatu", nina nafasi ya kuhangaika. Nikikuta kampuni imebadilika, kidonge kina rangi nyingine, nauliza kliniki kwanza.

Usingizi ndio unaonigombanisha na kazi yangu. Wiki ya mwisho ya Ramadhani ndiyo msimu wetu mafundi. Kila mtu anataka nguo ya Idi, na kila mtu ameleta kitambaa mfungo wa 25. Tunakesha. Mwaka mmoja nilikesha usiku tatu mfululizo, chai ya rangi na kashata, umeme ukikatika tunasubiri, ukirudi tunaendelea. Asubuhi ya Idi nilipikiwa pilau na sikulila. Nilikuwa nimelazwa ubavu sakafuni, ulimi umejing'ata. Ubongo usiolala unawaka upesi, hiyo haina mjadala. Sasa mfungo wa 20 nafunga daftari la oda. Saa nne usiku mota inazimwa. Wateja wananuna, wengine wamehama kabisa, na fundi wa kibanda cha pili anafaidika. Kwa wanaofunga wenye kifafa, nendeni kliniki kabla mwezi haujaandama. Wapo wanaobadilishiwa dawa iwe ya kumeza kwenye futari na daku tu, na wapo wanaoshauriwa wasifunge. Daku lenyewe linakata usingizi, mlihesabu hilo. Pombe sinywi, lakini kwa ufupi: ikiwa mwilini inatuliza kama GABA, ikiondoka ubongo unarudi na hasira. Wengi wanaanguka asubuhi inayofuata, si usiku wa sherehe.

Daftari ndilo lililonionyesha kitu ambacho hakuna aliyenieleza. Nilikuwa naandika tarehe za kupotea, kwa alama ya msalaba, na kwenye daftari hilohilo naandika siku zangu za mwezi kwa nukta. Baada ya miezi sita nikaona misalaba imejikusanya kandokando ya nukta. Nilidhani nimechanganyikiwa. Kumbe projesteroni, homoni ya nusu ya pili ya mzunguko, mwilini inageuzwa kuwa kitu kinachoisaidia GABA. Ikiporomoka siku chache kabla ya hedhi, msaada huo unaondoka. Nilimpelekea daktari daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, akabadilisha mpango wangu wa dawa kwa siku hizo. Mwanamke mwenye kifafa, andika vyote viwili pamoja. Na mwanafamilia akikuona umeshikwa, arekodi kwa simu. Video ya dakika moja ilimsaidia daktari wangu kuliko kile kipimo cha umeme wa ubongo, maana siku ya kipimo ubongo ulikaa kimya kama mtoto mbele ya mgeni.

Kuhusu kushikwa kwenyewe. Binti ninayemfundisha kushona alipoanza kazi nilimkalisha chini siku ya kwanza, kabla ya kumwonyesha hata kutia uzi kwenye sindano. Nikamwambia: nikianguka, zima mota, vuta mkasi na pasi mbali, nitilie khanga chini ya kichwa, tazama saa ya ukutani. Usinishike kwa nguvu. Nikitulia nilaze ubavu, mate yatoke. Usinitie kitu mdomoni, si kijiko, si ufunguo, si kidole chako. Hili pengo la mbele unaloliona ni la kijiko cha msamaria wa Mbagala. Kitunguu na kiatu puani havina kazi. Dakika tano zikipita bado natupatupa, au nikianguka tena kabla sijazinduka, ita bajaji, twende hospitali. Akaniuliza, "Na povu, dada?" Nikamwambia ni mate tu yaliyopigwa na pumzi, ukiguswa nawa mikono kama umegusa mate ya mtoto. Akaitika, lakini niliona hakuamini. Miezi miwili baadaye nilizinduka nikamkuta amekaa sakafuni, kichwa changu kwenye mapaja yake, mkono wake umelowa, anasoma saa kwa sauti: "Mbili na nusu, dada. Dakika mbili na nusu."

Mengine madogomadogo. Bafu letu ni la nje, la wapangaji wote. Sifungi komeo, natundika khanga mlangoni, na wote wanajua maana yake. Jiko la mkaa nimelihamishia nyuma ya tofali. Baharini naingia hadi magotini na mtu pembeni. Bodaboda sipandi.

Mama yangu alinipeleka kwa mganga, na alinipeleka kwenye maombezi. Sitamcheka, alikuwa anahangaika na mwanawe. Wa maombezi alinitaka nithibitishe imani kwa kutupa vidonge. Nilikuwa nimeshalala wodini siku nne, nikamwambia aombe, nitameza. Padri wa parokia yetu hakuona tatizo lolote. Dawa za mitishamba huwa nazikataa kwa sababu ya lile ini: sijui kilichomo, na halitaniuliza.

Sasa hivi nina mwaka 1 na miezi 7 bila kuanguka. Kupotea kumebaki mara moja, mwezi wa tano, na nilikuta ushahidi kwenye gauni la sare ya kwaya, inchi mbili tu. Daktari alisema ikitimia miaka miwili safi tutakaa tuzungumze kama kuna haja ya kupunguza, na kwamba hesabu ya miaka miwili inaanzia kwenye lile gauni, si kwenye kuanguka kwa mwisho. Nilibishana naye kidogo. Gauni bado ninalo, sikulifumua. Mteja nilimshonea jingine.